Chembe

Kihwele anafua nyuma ya gulio la Kilolo,
panaponuka mkaa wa mlingoti na ulanzi uliolala.
Chuma chake ni springi ya lori lililopinduka Kitonga.
Mivukuto anavuta mwanawe, huku akitafuna muwa.
Hakutaja bei. Aliuliza:
"Wa mwisho ulimpiga wapi?"

Nikajifanya nachagua.
Alikuwa amevimwaga vyembe juu ya gunia la mbolea:
vyembamba kama jani la mwanzi,
vya nondo, vya msumari uliopondwa,
na kimoja chenye miiba inayotazama nyuma
kama mdeni anayevuka mtaa.
Nikakishika hicho. Kilinitisha, nikadhani ndiyo sifa.

Akacheka kwa pua.
"Hicho kinajua kuingia, kutoka hakijui.
Mkono ukiteleza, pongo ataondoka nacho.
Atalala nacho, atachuma majani nacho,
ataoza upande mmoja
na upande wa pili bado unatafuna."

Mwaka juzi sikumsimulia.
Ukungu ulikuwa umekaa kwenye maharage,
Tulinave mbele, mimi nyuma, upote umelowa.
Nilisikia mshale ukigota, si mbavuni, chini zaidi,
sauti ya mtu anayepiga gunia la mahindi mabichi.
Siku ya kwanza damu ilikuwa juu ya madege,
nyeusi, imechanganyika na majani aliyokula.
Siku ya pili hapakuwa na damu, palikuwa na harufu.
Usiku tulimsikia bondeni akibweka,
pongo hubweka kama mbwa, nyie mnajua,
ila huyu alibweka kama mbwa anayeomba mlango.
Tulimkuta amesimama ndani ya kijito.
Hakukimbia.
Tulinave ndiye aliyemaliza, kwa panga,
na tangu siku hiyo anafuga nyuki.

"Chini ya mbavu," nikasema.
Kihwele akatikisa kichwa, hakusema pole.
Akachomoa kipande kutoka mfuko wa koti,
si kwenye gunia: kipana, makali mawili,
hakina mwiba hata mmoja, hakina urembo.
Akanyoa nacho vinyweleo vya mkono wake,
akapuliza, vikapaa juu ya moto.
"Hiki hakishiki mtu. Kinapita.
Kinafungua mlango huku na huku, damu inajitokea,
naye anaanguka kabla hajajua ni nani aliyebisha.
Lakini ni kizito. Hakitaki mbali.
Hatua ishirini. Ikifika ishirini na moja,
rudi nyumbani ukale makande."

Nikaomba viwili.
"Kimoja," akasema. "Cha pili
ni cha mtu aliyepanga kukosa."

Nilishuka na njia ya misindano,
kibali chenye muhuri wa bluu mfuko wa kushoto,
chembe kwenye gunzi la hindi mfuko wa kulia,
nikitembea upande upande kama aliyebeba yai.
Nilijaribu hatua ishirini kati ya mti na mti.
Ni karibu mno.
Kwa umbali huo mnyama ana kope.

Usiku, taa imezimwa, nilijipapasa
pale mbavu zinapokutana, panapoitwa chembe cha moyo,
nikajiuliza aliyeanza kupaita hivyo
alikuwa mganga, mpenzi, au mwindaji.
Nikaweka vidole viwili, nikabonyeza.
Upana ni huo huo.

Asubuhi Tulinave alikuja na asali kwenye kidumu.
Akakiona mezani. Hakukigusa.
"Kipana?"
"Vidole viwili."
"Kina miiba?"
"Hakina."
Akakaa. Chai ikapoa.
Kisha akavua koti, akatoka uani,
akarudi na kinoo cha marehemu baba,
akakitemea mate,
akanyoosha mkono bila kunitazama.